Likelemba ya Kushinda

Mama Shefu hakupenda kushindwa. Naanza na hilo kwa sababu waliomjua msibani na harusini watakuambia alikuwa mpole, na ni kweli, msibani na harusini alikuwa mpole. Mimi nilimjua siku za kawaida. Nilipanga chumba ng'ambo ya njia, mbele ya mlango wake, na cherehani yangu ilitazama uwanja wake miaka yote niliyokaa Kolwezi. Nilimwona akibishana na muuza makaa mpaka muuza makaa akaongeza gunia la pili bila kuombwa. Nilimwona akishindana na mchungaji wake juu ya nani anajua mistari mingi ya Zaburi, na mchungaji akaanza kukohoa kabla ya wakati.

Alikuwa shefu wa avenyu yetu. Kazi hiyo haina mshahara wala ofisi. Shefu wa avenyu anajua nani amehamia, nani amefiwa, nani anamwaga maji machafu njiani, na watu wakigombana usiku ndiye anayegongewa dirisha. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Wazee walisema hata marehemu mume wake alimwita Shefu kabla avenyu haijamchagua.

Alivaa viatu vya kazi vya huyo mume. Viatu vizito vya mgodini, vyenye chuma mbele, vilivyobaki nyumbani baada ya kampuni ya zamani kuanguka na wafanyakazi wake kurudi nyumbani mikono mitupu. Alivivaa sokoni Manika, alivivaa kanisani, na shingoni alining'iniza filimbi ya refa. Maji yakitoka bombani alipuliza mara moja, tukapanga ndoo. Mtu akipenya mstari alipuliza tena, na huyo mtu alirudi nyuma mwenyewe. Kwenye maji sikumwona hata siku moja akipendelea ndugu yake wala nafsi yake. Kwenye mchezo wowote, hata bao, alikuwa mwizi wa mchana. Mambo hayo mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja bila kusumbuana.

Alikuwa na msemo mmoja alioutumia kwa kila kitu, kuanzia viti vya harusi mpaka siasa: "Kiti ni ya mwenye kuikala." Maana yake, acha kusimama ukilia kwamba kiti ni chako. Kalia. Mwenye nyumba wangu alipotaka kunitoa ili aingize mpangaji mwingine, Mama Shefu alikuja na kigoda chake, akakaa kizingitini pangu tangu asubuhi akichambua sombe, majani ya muhogo, na kila mtu aliyepita alimweleza kwa sauti kwa nini yuko pale. Hakumtukana mwenye nyumba. Alichambua tu. Nikabaki.

Karata alizichukia. Alisema ni mikono ya shetani, na waliocheza karata kwenye avenyu yetu waliweka mlinzi kona. Ndiyo maana tulishangaa ilipoingia mashini ya michezo.

Iliingia mwaka bei ya shaba ilipoanguka. Kwenye kona yetu kulikuwa na depo, mahali ambapo Mchina mmoja mwembamba alinunua mawe ya wachimbaji waliotoka Mutoshi na kwingineko. Mama Shefu alikuwa amepigana na depo hiyo tangu ilipofunguliwa, kwa sababu ya vumbi lililokaa juu ya nguo zilizoanikwa na ndani ya sufuria. Basi asubuhi moja depo haikufunguliwa. Wachimbaji walifika na magunia, wakaona kufuli, wakamtafuta mwenye depo, naye akakimbilia uwanja wa kwanza uliokuwa na mlango wazi. Ulikuwa wa adui yake.

Mama Shefu alisimama langoni na viatu vile, akapuliza filimbi.

"Mwenye kutaka kumupiga, apite," akasema. "Lakini hapa ni ku nyumba yangu. Muntu hapigake muntu hapa kama hajaikala kwanza. Ikaleni, tuseme."

Wakamtazama. Wa mbele akakalia gunia lake, pengine kwa uchovu. Wengine wakakaa. Na mtu aliyekaa ni kazi kumpiga mwenzake, inambidi asimame upya na kila mtu anamwona. Walisema mpaka mchana. Mwishowe Mchina aliwaachia mizani, mabati na kila kilichokuwa depo, na Tata Amisi, jirani yetu mwenye lori, akamtoa mjini chini ya turubai. Mama Shefu alimpa chupa ya maji ya njiani, akamwambia vumbi lake lilikuwa baya sana. Kwenye chumba alichopanga, yule mtu aliacha sanduku: televisheni, kisanduku cheusi, maneti nne za kushika mkononi zenye vifungo vya rangi, na diski moja yenye michezo mingi. Alikuwa amebandika karatasi juu yake, ameandika neno moja la Kifaransa, Maman.

"Inakulaka nini?" Mama Shefu akauliza.

"Courant, Mama," nikamjibu.

"Basi itafunga kama shiye."

Kwetu umeme ulikuja kwa zamu, na aliyekuwa na jenereta ni Tata Foto peke yake, mwenye studio ya picha iliyopakana na Mama Shefu. Hawa wawili hawakusemezana kwa miaka kwa sababu ya mfereji. Kila mmoja alidai maji ya mvua ya mwenzake yanaingia kwake, na nadhani kila mmoja alisema kweli. Mama Shefu akanituma.

"Mwambie akuye na ile groupe yake. Lakini asifikiri kintu."

Tata Foto alikuja, na alifikiri kitu, lakini alinyamaza. Ndivyo tulivyokaa wanne siku ya kwanza, Jumapili baada ya ibada: Mama Shefu kwenye kigoda, Tata Foto mlangoni ili asihesabiwe kuwa ameingia, Tata Amisi aliyetoka kuegesha lori, na mimi na vipande vya uzi magotini.

Maandishi yote ya kiooni yalikuwa ya kwao Mchina. Hatukusoma hata alama moja. Tulibonyeza na kuona kitatokea nini. Wakatokea watu wadogo wenye vichwa vya mviringo, hawana shingo, kila mmoja na rangi yake, wakitupungia mikono kana kwamba tunafahamiana. Mama Shefu aliwapungia pia. Kisha akaangalia kama tumemwona.

Alihukumu kila mchezo alivyozoea kuhukumu watu, mara moja na bila rufani. Mchezo wa magari madogo aliukataa: "Banazunguka tu, hakuna mwenye kufika." Mchezo wa kubeba sahani nyingi juu ya daraja aliupenda, akawa anamkemea mtu wake wa rangi nyekundu ashike vizuri, kwani bibi arusi anangoja. Kulikuwa na mchezo wa mtumbwi, wanne tukipiga kasia pamoja. Tata Amisi, mtu wa kule ambako Lualaba ni mto mpana, aliweka maneti chini baada ya muda mfupi.

"Mwenye kutengeneza hii hajaona muto," akasema kwa huzuni. "Banapiga kafi kama banatwanga."

Mchezo uliotushika ni wa sakafu. Watu wanne wanasimama juu ya sakafu ya vigae hewani. Vigae vinaanza kutetemeka, kimoja kinaanguka, kingine kinaanguka, na wewe unaruka kwenye kilichobaki. Ukitaka unaweza kumsukuma mwenzako. Anayebaki wa mwisho anavikwa taji na kucheza ngoma peke yake kwenye kigae kimoja. Mara ya kwanza tuliutazama tu, mikono imelegea, wote wanne tukaanguka. Chini ya avenyu yetu kulikuwa na madini, kila mtu alijua, na ufa wa shimo la kampuni mpya ulikuwa umefika nyuma ya kanisa. Tata Foto akasema kutoka mlangoni: "Mama, hii ni kwetu." Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu ugomvi wa mfereji. Mama Shefu akajibu: "Basi jifunze kuruka."

Yeye mwenyewe hakujifunza. Vidole vyake vilikuwa vizito, vya kutwanga na kufua, na mtu wake mwekundu alianguka wa kwanza Jumapili baada ya Jumapili. Alibadilisha maneti. Alibadilisha kiti. Alimshutumu Tata Foto kwamba jenereta yake inawapendelea watu wa kijani. Kisha siku moja akapuliza filimbi katikati ya mchezo, akatangaza kwa nafasi yake ya shefu kwamba ameelewa lile taji ni nini.

"Muliona? Kila mara inatoka ku kichwa ya mumoja, inaenda ku ya mwingine. Inazunguka. Ni likelemba."

Kwetu likelemba ndiyo inayojenga nyumba. Watu wanachanga, mmoja anabeba zote leo, mwingine kesho, mpaka mzunguko uishe. Anayebeba mara mbili kabla ya wenzake ni mwizi na watu wanamwimbia. Kwa hiyo, alisema Mama Shefu, hakuna ruhusa ya kushinda mara mbili kabla wenzako hawajashinda. Wenye zamu wabaki, wasio na zamu waruke wenyewe.

Tulijua kabisa sheria imetoka wapi. Tata Amisi alikuwa amefunga midomo asicheke. Lakini hatukuweza kusoma yale maandishi, na taji kweli lilikuwa linazunguka, na tukakubali. Sasa ndipo mchezo ulipokuwa mtamu. Kumfikisha mwenye zamu salama mwisho ni kazi ngumu kuliko kuangushana: unamwachia kigae, unamzibia njia asiteleze, unaruka kwa wakati. Watu wakaanza kujaa uwanjani kutazama. Hata hivyo Mama Shefu hakuacha tabia yake. Zamu yake ilirudi haraka kuliko hesabu ya kawaida, na zamu ikiwa ya mwingine, alikataa kuruka mapema. Aling'ang'ania mpaka abaki wa pili, uso kwa uso na mshindi, ndipo akaruka. "Ajue nani alimuachia," alisema.

Kisha ikaja misalaba. Watu wa kampuni walipita na rangi nyekundu, wakachora msalaba kwenye kila nyumba itakayobomolewa na kuhesabiwa fidia. Walichora kwenye nyumba za wenye viwanja. Vyumba vya wapangaji, kama changu, havikuchorwa kitu, maana yake tungebomolewa bila kuhesabiwa. Sikulala vizuri. Nilikuwa na cherehani, godoro na wateja wa mtaa ule tu, na kwa hao wenye rangi sikuwepo.

Asubuhi nilisikia mtu anakwaruza mlango wangu. Mama Shefu alikuwa na kopo la rangi na brashi ya kupaka chokaa. Alichora msalaba kuanzia juu mpaka chini, ukubwa mara mbili ya ile ya kampuni, rangi ikitiririka.

"Sasa na weye uko na wako," akasema. "Wacha baje kuniuliza."

Akaenda kwa wapangaji wengine wote. Brashi ile haikufaa tena kwa chokaa.

Walikuja kumwuliza. Kampuni ilimtuma kijana wa Lubumbashi mwenye kofia ngumu nyeupe, mtu wa adabu, aliyemwita Mama kila sentensi. Alifika Jumapili, tukiwa tumekaa na maneti mkononi. Siku hiyo zamu ya kushinda ilikuwa yangu.

Kijana alianza kueleza amesimama. Kila mwenye kiwanja atasemeshwa peke yake, kwa siri. Kila mmoja atalipwa chake na kwenda anakotaka. Wapangaji wawaone wenye nyumba zao.

"Hapa hatusemake na muntu mwenye kusimama," Mama Shefu akamwambia. "Ikala. Couturière, umupe ile maneti yako."

Couturière, mshonaji, ni mimi; nikampa. Akatabasamu, kumbe mchezo anaujua, na yale maandishi alijifunza kuyasoma kazini. Sakafu ikaanza kutetemeka. Akamsukuma Tata Foto, akamsukuma Tata Amisi, ambao walikuwa wanampisha kwa mazoea wakidhani zamu yangu imehamia kwake. Mwisho kijana akamwangusha Mama Shefu kwa bega bila hata kugeuka. Taji likamkalia.

"Mama, hii jeu hamuijue," akasema, bila ubaya. "Hakuna zamu. Kila mutu anajipigania. Mwenye kubakia mwisho njo mwenye kushinda. Bameandika pale."

Ndivyo tulivyojua kwamba kwa muda wote ule tulikuwa tumekosea. Nilimtazama Mama Shefu, nikangoja filimbi, nikangoja kelele, kwa sababu alikuwa ameshindwa mbele ya watu, nyumbani kwake, tena na mgeni. Hakukasirika. Alikuwa anatazama kioo.

"Umeshinda," akamwambia. "Sasa angalia, nani eko na weye pale juu?"

Yule mtu mdogo alikuwa anacheza ngoma juu ya kigae kimoja. Kijana akacheka kidogo, kisha akaweka maneti chini.

"Uende ubaambie ku kampuni," Mama Shefu akaendelea. "Avenue itahama yote ao haihame. Mustari moya, vile tuko. Na huyu couturière mwenye kukupa nafasi yake, eko ndani ya mustari."

Wakati huo nilimpenda mama yule kuliko ndugu zangu. Nasema wazi kwa sababu sikumwambia.

Walijaribu mmoja mmoja, kwa siri, kama walivyoahidi. Walimpata nani? Kila aliyefuatwa jioni alikwenda asubuhi kwa Mama Shefu kumweleza alichoahidiwa, na Mama Shefu alikipigia filimbi uwanjani wote wakasikia. Hata Tata Foto, ambaye kampuni ilimwendea kwanza kwa kujua ugomvi wa mfereji, aliwajibu kwamba mfereji ni mambo ya ndani. Mwishowe kampuni ikachoka. Wenye viwanja wakapewa mstari mmoja, nje ya mji, kama walivyotaka. Ila wapangaji, hapana. Hapo hawakulegea, na siku ya trekta la kubomoa walikuja na askari.

Nilipakia cherehani kwenye lori la Tata Amisi, nikaenda Tenke kwa dada yangu. Sikumuaga Mama Shefu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya trekta, akimwambia dereva kwamba bukari, ugali wetu, iko motoni na haitaiva haraka kwa ajili yake. Bukari ile iliiva mchana. Chumba changu kilikuwa kimeshalala chini.

Tenke nilishona sare za shule na nikawa na hasira. Siku nyingi zilipita. Nilirudi Kolwezi siku moja tu, kununua zipu na nyuzi Manika, na nafasi ya kurudi jioni ile nilikuwa nimekwishailipia. Sokoni nikakutana na Tata Amisi akishusha mahindi. Aliponiona hakunisalimu hata.

"Shefu anakuuliza kila siku," akasema. "Anasema zamu yako inaoza."

Nilipanda pikipiki ya taxi-moto. Kule nje ya mji hakuna mti, upepo mtupu, lakini nilitambua njia kabla ya kuambiwa. Nyumba zilifuatana vilevile: muuza makaa, mjane mmoja, studio ya Tata Foto, Mama Shefu. Ila walikuwa wamezipanga upya kidogo. Kati ya Tata Foto na Mama Shefu kulikuwa na kipande cha ardhi kilichopandwa matembele, na mbele yake, kati ya nguzo mbili, ulisimama mlango. Hauna nyumba. Mlango tu, wa mbao, umefungwa kwa waya, na msalaba mkubwa mwekundu uliotiririka rangi.

Mama Shefu alikuwa amekonda. Viatu vilimzidi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake katikati ya matembele.

"Uliutoa wapi?" nikamwuliza.

"Mlango? Kwa trekta. Nilimwambia ule chauffeur, hii ni yangu, bado ninaitumia." Akanionyesha ardhi kwa kidevu. "Mi nilikata kipande ku yangu, Foto akakata ku yake. Yeye alikata kidogo, unamujua. Ba kampuni banasema haiko ku plan. Mi nikasema, basi mutuhamishe tena."

"Na matembele?"

"Kiti ni ya mwenye kuikala. Weye haukuwa, ikaikala matembele."

Nikawa nang'oa jani moja baada ya jingine bila sababu. Yeye alikuwa ameshapuliza filimbi. Tata Foto akaja na betri ya gari kichwani, akaingia mpaka ndani, hakusimama mlangoni. Tata Amisi akafika na vumbi la mahindi. Televisheni ilikuwa na ufa pembeni, lakini watu wadogo walitokea, wakatupungia, na Mama Shefu akawapungia mkono bila kutuangalia.

Sakafu ikaanza kutetemeka. Vidole vyangu vilikuwa vimesahau, nikakaribia kuanguka, Tata Amisi akanizibia. Nilimngoja Mama Shefu anijie uso kwa uso mwishoni, kama kawaida yake. Lakini kigae cha kwanza hakijaanguka bado alipompeleka mtu wake mwekundu mpaka ukingoni, akamrusha chini. Wa kwanza kabisa. Wanaume wakafuata mmoja baada ya mwingine, na taji likanikalia, na sikuliona vizuri.

"Usilie, itakuharibia macho ya kushonea," akasema Mama Shefu, akiifuta maneti yake kwa kitenge. "Kesho ni zamu yangu mi. Nani ataniachia kigae?"

Gari la Tenke lilikuwa linaondoka saa ile. Nikamwomba Tata Foto anikatie ule waya wa mlango wangu.